Mlango Ndio Boksi: Kupata Besi Nzito Garini Bila Sabufa

Ukivua kava la mlango wa mbele wa gari dogo la Kijapani, kitu cha kwanza unachokutana nacho ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Ibandue polepole pembeni uchungulie. Bati la ndani la mlango limejaa matundu: moja kubwa la kupitisha mkono wa fundi wa kioo, jingine la kufikia kitasa, mengine madogo ya waya na klipu. Chini kidogo ya matundu hayo imefungwa spika. Besi unayoitafuta inapotelea hapo.

Mimi nililijua hilo kwa kuchelewa. Siku moja nilikuwa namrudisha mjomba wangu Bagamoyo baada ya harusi ya ndugu yetu Dar es Salaam. Ujanani mjomba alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi, kwa hiyo nikamwekea rumba za zamani za Franco na TPOK Jazz nikiamini nimempatia. Alisikiliza kimya mpaka tulipokuwa tunaikaribia Bunju, ndipo akaniuliza kwa upole: "Mpwa wangu, bendi hii haina mpiga besi?" Mpiga besi alikuwepo. Gari langu ndilo lililommeza.

Wiki ileile nilikwenda kwa fundi, naye akanishauri sabufa ya inchi 12 na boksi lake. Nikalitazama buti la IST yangu. Humo hukaa kapu la sokoni, kigari cha mtoto, na nikitoka kijijini, magunia na ndoo. Nikasema hapana, nibadilishie spika tu. Spika mpya zikafungwa, nikalipa, na nilipofika nyumbani nikagundua besi imepungua kuliko mwanzo. Ilinichukua siku nyingi kufahamu kwamba spika moja ilifungwa waya kinyume.

Tangu hapo nimefungua milango ya magari yangu, ya ndugu na ya majirani, na nimejifunza jambo moja ambalo ningependa kila mwenye gari alijue kabla ya kufungua pochi: magari mengi yana besi, ila yanaivujisha. Ushauri huu ni kwa dereva wa teksi anayelihitaji buti kwa mizigo ya abiria, kwa mzazi mwenye gari moja la kila kazi, na kwa yeyote asiyetaka boksi kubwa linalowaita wezi wavunje kioo.

Kwa nini besi hupotea

Sauti ni mtikisiko wa hewa, na hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Besi tunayoizungumzia hapa iko kati ya hezi 40 na 200 hivi. Chukua gitaa la besi la nyuzi nne. Uzi mnene kuliko yote ukipigwa wazi hutoa hezi 41, unaofuata 55, wa tatu 73, na wa nne 98. Zishike namba hizo, maana tutazitumia kama rula ya kupimia gari lako.

Koni ya spika inapokwenda mbele, huisukuma hewa iliyo mbele yake na papo hapo huivuta ile ya nyuma. Kwa hiyo kila spika hutoa sauti mbili zilizo kinyume, na zikikutana zinafutana. Sauti nyembamba hazidhuriki sana kwa sababu mawimbi yake ni mafupi na huelekea mbele kama mwanga wa tochi. Wimbi la besi halina tabia hiyo. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, yaani ni refu kuliko gari lenyewe. Likipata tundu lolote linazunguka kutoka nyuma ya koni hadi mbele na kulifuta lile lililotoka mbele.

Unaweza kulithibitisha hili nyumbani. Shika spika ya gari mkononi ikipiga wimbo kwa sauti ya chini. Utasikia mlio mwembamba usio na kifua. Sasa chukua kipande kikubwa cha kadibodi, kata tundu la ukubwa wa koni, ibane spika hapo. Besi itazuka mara moja, ingawa spika ni ileile na redio ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sauti ya nyuma imezuiwa isiifikie ya mbele. Wachonga ngoma wanalifahamu jambo la jirani na hili: mzinga ukipasuka, hata ngozi iwe nzuri kiasi gani ngoma haivumi. Mlango wa gari lako ndio mzinga wa spika, na kiwandani uliachwa na nyufa.

Kwanza yasiyo na gharama

Kabla ya kununua chochote, tenga nusu saa ya ukaguzi.

Anza na chanzo cha muziki. Redio nyingi zinazokuja na magari ya Japani zilitengenezwa kwa FM ya kule, inayoanzia megahezi 76 na ambayo kwa miaka mingi iliishia 90, wakati stesheni zetu zinapanda hadi 108. Ndiyo maana wengi huachana na stesheni za redio na kuchomeka kile kifaa kidogo kwenye tundu la kuwashia sigara, kinachorusha muziki wa simu kwa FM. Kwenye vifaa vya bei rahisi kelele huingia, na ukipandisha sauti ya simu kupita kiasi muziki unakwaruza. Kama redio yako ina tundu la waya, USB au Bluetooth, pitishia muziki huko.

Ukitumia waya, hakikisha umezama mpaka mwisho. Ncha ikikaa nusu, au waya wake wa ethi ukikatika, redio hupokea tofauti ya kushoto na kulia tu. Hapo sauti ya mwimbaji husikika kama yuko kisimani, na besi hutoweka kabisa, kwa kuwa besi na mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawa pande zote mbili. Nimeona watu wakibadilisha spika nne kwa ugonjwa wa waya mmoja mdogo.

Kisha kagua mwelekeo wa waya za spika, kosa lililonisumbua mimi. Weka wimbo wenye besi nzito, peleka sauti yote kwenye spika za mbele, kisha sogeza balansi kushoto kabisa. Sikiliza. Rudisha katikati. Besi inapaswa kuongezeka, kwa sababu sasa spika mbili zinasukuma hewa pamoja. Ikipungua, spika moja imefungwa kinyume: moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Geuza waya mbili za spika moja tu na tatizo limekwisha. Ukitaka uhakika, chomoa spika kwenye redio, kisha gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye miguu yake kwa nukta moja, chanya kwa chanya. Koni ikitoka nje, alama ziko sawa. Usifanye jaribio hilo spika ikiwa bado imeunganishwa na redio, utaiharibu redio.

Mwisho, zitazame spika zenyewe. Ukingo laini unaoizunguka koni hufanya kazi kama chemchemi. Ukiwa wa sponji, joto na unyevu wa pwani huula ukawa kama keki iliyokauka. Bonyeza koni taratibu kwa vidole viwili pande zote. Ukihisi mkwaruzo, koili imepinda na spika hiyo haina maisha.

Fanya majaribio yako yote vioo vikiwa juu. Chumba kidogo cha gari kikifungwa huikuza besi ya chini, na kioo kikishuka ukuzaji huo unatoka nje. Injini nayo iwe inaunguruma: betri peke yake ina volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka umeme hufika 13.8 hadi 14.4. Nguvu ya redio hufuata mraba wa volti, kwa hiyo tofauti hiyo ndogo huweza kukunyima hadi karibu robo ya nguvu.

Kuufanya mlango uwe boksi

Hapa ndipo fedha kidogo huzaa matunda mengi, na ukiniuliza ufanye jambo moja tu, fanya hili. Milango miwili ya mbele inatosha. Tenga asubuhi nzima kwa mlango wa kwanza; wa pili utakwenda haraka zaidi.

Gonga mlango kwa kifundo cha kidole kabla hujaanza, kwa nje, chini ya kioo. Utasikia mlio wa debe tupu. Ukumbuke mlio huo.

Vifaa unavyohitaji ni mati za mpira wa butili zenye foili ya alumini mgongoni, roli ndogo ya kukandamizia, spiriti ya kusafishia, utepe wa sponji yenye gundi, kipande cha bati la alumini, glavu na bisibisi. Mati za butili huuzwa kwenye maduka ya redio za magari. Usikubali kuuziwa mati za lami zilizotengenezwa kwa ajili ya mapaa. Gari likishinda juani lami hulainika, hunuka, na mwishowe huteleza ikashukia kwenye mashine ya kioo.

Vua kava. Skrubu huwa zimejificha nyuma ya mpini wa kufungulia na chini ya sehemu ya kuegemeza mkono; zilizobaki ni klipu za plastiki. Chomoa waya za swichi ya kioo bila kuzivuta kwa nguvu. Kama gari lako lina mifuko ya hewa ya pembeni, fahamu kwamba baadhi ya magari huweka kihisi cha ajali ndani ya mlango. Usikifunike wala kukihamisha, na kama hukitambui, muulize fundi anayelijua gari hilo kabla hujagusa.

Sasa bandua ile nailoni. Pandisha na kushusha kioo mara mbili huku ukiangalia ndani kwa tochi, uone kioo, mkono wa mashine na fito za kitasa vinapita wapi. Usije ukabandika kitu kwenye njia hiyo.

Kazi ya kwanza ni bati la nje, lile ulilogonga. Lisafishe vumbi na grisi kwa spiriti, lisubiri likauke, kisha bandika vipande vya mati upande wa ndani, hasa nyuma ya spika na katikati ya bati ambako hutetema zaidi. Huna haja ya kulifunika lote. Robo hadi nusu inatosha kulituliza. Muhimu ni kukandamiza kwa roli mpaka mati ishike kila mahali. Vaa glavu, kwa sababu foili hiyo hukata kama wembe. Chini kabisa ya mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji ya mvua. Viache wazi. Ukiviziba, maji yatasimama humo na kutu itakula mlango kuanzia ndani.

Kazi ya pili ndiyo inayorudisha besi: kuziba matundu ya bati la ndani. Matundu madogo yafunike kwa mati moja kwa moja. Yale makubwa yanahitaji kitu kigumu kwanza, maana mati peke yake juu ya tundu pana itatikisika kama ngozi ya ngoma na kazi yako itakuwa bure. Kata bati la alumini la unene wa milimita moja hivi, lizidi ukingo wa tundu kwa sentimita mbili kila upande, weka utepe wa sponji katikati, lifunge kwa skrubu fupi zisizogusa kioo, kisha malizia kwa mati. Nasisitiza skrubu kwa sababu iko siku mashine ya kioo itaharibika, na fundi atakushukuru akiona kifuniko kinachofunguka. Pale waya na fito zinapopita, acha nafasi ya kutembea lakini ipunguze kadiri uwezavyo.

Kazi ya tatu ni spika yenyewe. Kati ya spika na mlango huwa kuna pete inayoinyanyua. Ukitengenezewa pete ya mbao za MDF, ipake varnishi au rangi ya mafuta pande zote, maana mlango hupitisha maji na MDF ikinywa maji huvimba ikasambaratika. Pete ya plastiki ngumu au alumini haina shida hiyo. Weka utepe wa sponji kati ya pete na bati, na mwingine kati ya spika na pete. Kisha zungusha utepe mnene zaidi mbele ya spika, ili kava likirudi libane pale na sauti itoke yote kwenye vitundu vya kava badala ya kupotelea nyuma yake.

Kabla hujarudisha kava, bandika vipande vidogo vya kitambaa cha kapeti au sponji pale plastiki inapogusana na bati, na zifunge waya zilizolegea. Mlango ulioanza kutoa besi huamsha kila klipu iliyokuwa imelala, na mlio wa klipu moja huharibu wimbo mzima.

Funga mlango, ugonge tena. Badala ya debe tupu utasikia mlio mfupi, mzito, kama unagonga gogo. Hata mlango wenyewe utafunga kwa kishindo cha utulivu zaidi. Utakapokwenda barabarani utaona faida nyingine: ngurumo ya matairi na upepo imepungua. Ngurumo hiyo ni sauti nzito kama besi, na huifunika besi ya muziki, kwa hiyo kuipunguza ni sawa na kuongeza besi bila kugusa redio.

Kuchagua spika

Baada ya kuziba mlango, sikiliza spika ulizonazo kwa wiki nzima. Wengi huishia hapo wakaridhika. Ukiona bado kuna pengo, ndipo ununue.

Milango ya mbele ya magari mengi hukubali spika ya inchi 6 na nusu. Chukua ukubwa wa juu kabisa unaoingia bila kukigusa kioo, maana besi ni kazi ya kusukuma hewa. Kila ukishuka nusu ya masafa, tuseme kutoka hezi 80 hadi 40, koni inalazimika kutembea mara 4 ya mwendo wa mwanzo ili utoe sauti ileile. Koni ndogo huishiwa mwendo mapema.

Kwenye boksi usidanganyike na namba kubwa ya wati iliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Tafuta maandishi madogo yenye mambo matatu. La kwanza ni nguvu ya kudumu, iliyoandikwa RMS. Wati 50 hadi 80 ni kiasi kizuri. La pili ni usikivu, unaopimwa kwa desibeli. Kama utaendelea na redio bila amplifaya, tafuta 90 au zaidi, kwa sababu spika yenye desibeli 3 zaidi ni sawa na kuongeza nguvu ya redio maradufu. La tatu ni masafa ya asili ya spika, Fs. Kwa mlangoni, yanayokaribia hezi 60 au chini yake ni mazuri. Ukingo wa mpira huvumilia hali ya hewa yetu kuliko wa sponji.

Kama unaendesha gari la aina ya saluni, una bahati. Ile rafu ya bati chini ya kioo cha nyuma inaweza kubeba spika za inchi 6 kwa 9, na buti lililofungwa linakuwa boksi lake, kubwa kuliko boksi lolote ungelinunua. Nafasi ya mizigo inabaki yote. Hakikisha tu kwamba rafu ni bati imara, si kadibodi, na ziba matundu yanayounganisha buti na chumba cha abiria. Kwa magari kama IST, Vitz au Passo usifanye hivyo. Rafu yake ni nyepesi, hakuna chumba kilichofungwa chini yake, na ukifunga breki za ghafla spika nzito zitaruka kuelekea vichwa vya abiria.

Nguvu ya umeme

Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4 inatoa kwa uhalisia kama wati 15 hadi 20 za kudumu kwa kila spika. Zinatosha kwa usikilizaji wa kawaida. Ukitaka sauti kubwa isiyopasuka, ongeza amplifaya ndogo ya wati 50 za RMS kwa kila spika. Ziko ndogo kiasi cha kuingia chini ya kiti, na nyingi hupokea sauti moja kwa moja kutoka waya za spika za redio ya kiwandani, hivyo huhitaji kubadilisha redio.

Kwenye ufungaji kuna mambo ambayo sitaki mtu yeyote ayapuuze. Waya mkubwa wa umeme utoke kwenye betri, na fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi bila fyuzi, gari linaweza kuungua. Unapopita kwenye ukuta wa injini upitishe ndani ya mpira, kamwe usilale kwenye bati tupu. Tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 8 hadi 10. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu. Ukwangue kwa kisu, ukiona weupe ndani urudishe. Ethi iwe fupi, ifungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae.

Kitufe cha geini kwenye amplifaya si cha kuongezea sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio. Anza kikiwa chini, pandisha redio mpaka robo tatu ya sauti, kisha zungusha geini polepole mpaka usikie dalili ya kwanza ya kukwaruza, urudi nyuma kidogo. Kiache hapo.

Kupanga sauti

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na spika nazo ni hivyo. Ukipandisha besi kwenye ikwalaiza kwa desibeli 6 tu, umeitaka redio itoe nguvu mara 4 katika masafa hayo. Redio yenye wati 18 haina pa kuzitoa. Inachofanya ni kukata vilele vya mawimbi, na wewe unasikia mkwaruzo unaofanana na karatasi inayopasuka.

Fanya kinyume chake. Badala ya kupandisha besi, shusha sauti za katikati, kati ya hezi 500 na 2,000, kwa desibeli 2 au 3, kisha ongeza sauti yote. Besi itajitokeza bila redio kuelemewa. Baada ya hapo unaweza kuongeza kidogo kwenye hezi 80 au 100, si zaidi ya desibeli 3.

Kama redio ina mahali palipoandikwa HPF, iweke kwenye hezi 80, kisha ishushe hatua kwa hatua kuelekea 60 huku ukisikiliza kwa sauti kubwa. HPF huzuia masafa ya chini kabisa yasifike kwenye spika. Wengi huogopa kuiwasha wakidhani itakula besi. Ukweli ni kwamba masafa yale ambayo spika ya inchi 6 na nusu haiyawezi huifanya koni ihangaike bure, na ukiyaondoa inapata nafasi ya kupiga vizuri yale inayoyaweza.

Kuna kitufe kiitwacho Loudness. Mwaka 1933 watafiti wa Marekani Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio la binadamu hupoteza besi haraka sauti inapokuwa ndogo. Kitufe hicho hufidia upungufu huo. Kiwashe unaposikiliza taratibu usiku, kizime unapopandisha sauti. Na usipange ikwalaiza mahali pawili. Ile ya simu iache tambarare, upange ya redio peke yake.

Nini utapata, nini hutapata

Turudi kwenye rula yetu. Mlango uliozibwa vizuri, wenye spika nzuri na nguvu ya kutosha, hushuka kwa uhakika hadi karibu hezi 60, na chumba cha gari huusaidia kushuka zaidi kidogo. Maana yake nyuzi za hezi 73 na 98 zitasikika kwa ukamilifu, wa 55 utakuwepo, na ule mnene wa 41 utakuwa dhaifu. Ngoma ya mguu ya dansi, besi ya taarab na ya rege zitakaa mahali pake. Ule mngurumo wa chini unaotikisa mbavu kwenye kumbi za disko hutaupata bila sabufa, na yeyote anayekuahidi hivyo anakuuzia maneno.

Hata hivyo sikio lina huruma. Uzi wa hezi 41 haupigi masafa hayo tu; hutoa pia 82, 123 na kuendelea. Ubongo ukisikia mpangilio huo huujaza wenyewe ule mzizi uliokosekana, na msikilizaji anahisi noti ya chini ingawa spika haikuitoa. Kwa hiyo ukizifanya safi zile za hezi 80 na kuendelea, umelisaidia sikio likamilishe kazi.

Utaratibu wa matumizi ya fedha ni huu: ukaguzi, mlango, spika, amplifaya. Ukianza na amplifaya huku mlango unavuja, unalipia nguvu ya kufuta sauti yako mwenyewe. Na besi ikishapatikana, yatunze masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na dereva anayeshinda barabarani huzifikia saa hizo kwa urahisi.

Jumamosi mbili zilinitosha kwa milango yote miwili. Mjomba alipokuja tena mjini sikumweleza nilichofanya. Wakati wa kumrudisha niliweka rumba zilezile, vioo vikiwa juu, sauti ya wastani. Kabla hatujafika Bunju kidole chake cha shahada kilikuwa kinagonga goti, kikifuata uzi wa pili, na kila mpigaji aliposhuka kwenye uzi mnene, kidole kilimfuata huko pia.